Kalamu Nyuma ya Piano: Shajara ya Mradi wa Kumsikiliza Toshiko Akiyoshi

9 Januari

Mradi huu ulianza ukiwa na shabaha nyingine. Nilikuwa nimeombwa kuandaa kwa Kiswahili maelezo ya jioni sita za usikilizaji kwa ajili ya kikundi chetu kidogo cha wapenzi wa muziki, na mada niliyoichagua ilikuwa wapiga piano waliojifunza jazi kutoka kwenye santuri badala ya kuketi mbele ya mwalimu wa jazi. Katika mpango huo Toshiko Akiyoshi wa Japani alikuwa ametengewa robo saa, nayo aliipata kwa sababu ya kisa cha ujana wake. Alizaliwa tarehe 12 Desemba 1929 mjini Liaoyang, Manchuria, kaskazini mashariki mwa China ya leo, akaanza kujifunza piano akiwa na umri wa miaka sita, na vita vilipokwisha familia yake ilirudi Japani ikiwa imepoteza mali yake, ikafikia mjini Beppu, kisiwani Kyushu. Huko, mwaka 1946, akapata kazi ya kupiga piano katika ukumbi wa dansi, na baadaye mtu mmoja mwenye santuri akamsikilizisha „Sweet Lorraine" ikipigwa na mpiga piano Teddy Wilson. Tangu siku hiyo alijua anataka kupiga muziki gani.

Leo jioni nimeiweka santuri ya bendi yake kubwa, Kogun, iliyorekodiwa mwaka 1974, kwa nia ya kutafuta dakika mbili tatu za piano zitakazofaa kuchezwa baada ya kisa hicho. Sikuzipata, kwa sababu masikio yangu yalikataa kukaa kwenye piano. Mimi ni mwalimu wa kwaya, na mwalimu wa kwaya amezoea kuisikiliza sauti ya pili na ya tatu kabla ya kuisikiliza ya kwanza, maana ndizo zinazopotea. Katika bendi hii ya watu 16 sauti za kati hazikupotea wala hazikujificha. Kila moja ilikuwa na njia yake ya kutembea, ikipanda pale nilipotarajia itulie na kutulia pale nilipotarajia ipande. Aliyeziandika sauti zile zote ni yeye Akiyoshi, na kuhusu kazi hiyo mpango wangu haukuwa na hata sentensi moja.

Nimeifuta robo saa. Jioni zote sita zitakuwa zake.

17 Januari

Wiki hii nimeitumia kujiuliza kwa nini hata mimi nilimwona kama mpiga piano tu. Jibu naliona katika namna alivyoingia machoni pa watu. Mwaka 1953 mpiga piano Oscar Peterson alikuwa Japani katika ziara iliyoongozwa na mtayarishaji Norman Granz, akamsikia Akiyoshi akipiga katika klabu moja ya Ginza, Tokyo, akamshauri Granz amrekodi. Akarekodiwa papo hapo Tokyo akiwa na wenzake Peterson mwenyewe: Herb Ellis kwenye gitaa, Ray Brown kwenye besi na J.C. Heard kwenye ngoma. Januari 1956 akawasili Boston, akiwa mwanafunzi wa kwanza kutoka Japani katika shule ya muziki ya Berklee, na miezi michache baadaye akaonekana kwenye televisheni ya Marekani akiwa amevaa kimono, vazi la jadi la Kijapani. Magazeti yalimfurahia. Mwenyewe amesema zaidi ya mara moja kwamba sehemu kubwa ya mvuto wake wa siku zile ilitokana na ajabu ya kumwona mwanamke wa Kijapani akipiga jazi, wala si upigaji wenyewe.

Mtu akishatambulishwa kwa namna hiyo, picha yake ya kwanza humganda. Watu wakamkumbuka msichana aliyekaa kwenye piano, na kwa mpangaji wa muziki, yaani anayeamua kila chombo kipige nini, jambo hilo ni baya zaidi kuliko kwa mpiga ala yeyote, kwa sababu kazi ya mpangaji haina uso. Hata kwetu, ambako tangu zamani bendi za dansi zilijiita Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz na Western Jazz, mwimbaji tunamjua, mpiga gitaa la solo tunamjua, mtunzi pengine tunamjua. Aliyeamua tarumbeta ya pili ipulize nini tunamsahau. Akiyoshi ameteuliwa mara 14 kuwania tuzo ya muziki ya Grammy na hajaipata hata mara moja. Wakati huohuo yeye ndiye mwanamke wa kwanza kushika nafasi ya kwanza ya upangaji na utunzi katika kura za wasomaji wa jarida la jazi la DownBeat. Wanamuziki na wasikilizaji wa ndani walijua kalamu yake ina uzito gani. Wengine tulibaki na kimono.

2 Februari

Nimepata njia ya kuwaonyesha wenzangu tofauti kati ya mpiga piano na mpangaji bila hotuba ndefu. Upo wimbo wake uitwao „Long Yellow Road", ambao jina lake linarudi kwenye barabara za vumbi la manjano alizozipita utotoni Manchuria. Aliurekodi Desemba 1960 akiwa na kundi la watu wanne: yeye, mumewe wa wakati huo Charlie Mariano kwenye saksafoni ya alto, Gene Cherico kwenye besi na Eddie Marshall kwenye ngoma. Miaka karibu 15 baadaye aliurekodi tena na bendi kubwa, ukawa wimbo wa kwanza wa santuri yenye jina hilohilo iliyotoka 1975, na anayepiga besi ni Cherico yuleyule. Wimbo ni mmoja, mtunzi ni mmoja, mpiga piano ni mmoja, hata besi ni ile. Kilichoongezeka ni karatasi za noti.

Nimeanza kuunukuu kwa sikio mpangilio wa 1975, nikichukua vipimo vinane tu vya safu ya saksafoni, ambayo ina watu watano: alto mbili, tenori mbili na baritoni. Kwa saa tatu nilipata sauti ya juu, ya chini na moja ya katikati. Mbili zilikosekana kabisa, nikadhani kwamba labda Akiyoshi amewapa watu wawili noti moja. Nikaandika hivyo kwenye daftari na kulala nikiwa na furaha ya kumaliza.

3 Februari

Niliyoyaandika jana si sahihi. Faili nililonunua mtandaoni lilikuwa na kasoro: upande wa kushoto wa sauti ulirudiwa pande zote mbili, na upande wa kulia haukuwamo. Niligundua hilo nilipoazima santuri yenyewe kutoka kwa rafiki na kuisikiliza kwa vipokea sauti vya masikioni. Zile sauti mbili zilizokosekana zimo, tena ndizo zinazoufanya mseto mzima uumane kama kachumbari yenye pilipili ya kutosha. Ukiziondoa, kinachobaki ni kitamu lakini hakina makali. Muuzaji amerudisha fedha yangu. Sentensi niliyoiandika jana kuhusu noti moja kupewa watu wawili nimeikata kwa wino mwekundu na kuiacha isomeke, ili nikumbuke kwamba hukumu juu ya mpangaji haitolewi kabla ya kuwasikia wapulizaji wake wote.

11 Februari

Nimepata msaada nisioutarajia. Mzee mmoja wa kikundi chetu alikuwa mpiga tromboni katika bendi ya matarumbeta ya polisi kwa zaidi ya miaka 20, na leo nimempelekea karatasi yangu ya safu ya tromboni aikague. Alishikilia kidole chake kwenye noti ya chini kabisa akaniambia, „Mwanangu, noti hii tromboni yangu haina. Kutoka hapa mpaka pale chini kuna shimo." Akanieleza kwa subira kwamba tromboni ya kawaida isiyo na bomba la ziada inaishia kwenye E ya chini, kisha inaruka noti tano kabla ya kukutana na zile noti nzito za chini kabisa, na kwamba anayeijaza nafasi hiyo ni tromboni ya besi. Nilifikiri nimekosea kunukuu. Sikukosea: katika safu yake ya tromboni nne, Akiyoshi aliweka ya besi mikononi mwa Phil Teele, na katika santuri iliyofuata, Tales of a Courtesan, alimwandikia wimbo ambamo chombo hicho kinatoka mbele na kuzungumza chenyewe, jambo ambalo chombo hicho ni nadra kupewa.

Mzee aliusikiliza wimbo huo mara mbili bila kusema neno. Mara ya tatu aliomba tusikilize kwa sauti ya juu zaidi.

21 Februari

Leo nimekwama kwenye tarehe, na nimefurahi kukwama.

Kisa kinachorudiwa kila mahali kuhusu Akiyoshi ni hiki: mtunzi na kiongozi wa bendi Duke Ellington alipofariki mwaka 1974, mwandishi Nat Hentoff aliandika kwamba muziki wa Ellington ulibeba asili yake ya Kiafrika, Akiyoshi akasoma, akajiuliza kuhusu asili yake mwenyewe, akaanza kuingiza muziki wa Kijapani katika jazi. Nilikuwa nimeshakiandika kisa hicho kama mlango wa jioni ya tatu. Kisha nikaziweka tarehe mbili kando kwa kando. Ellington alifariki tarehe 24 Mei 1974. Kogun ilirekodiwa Hollywood mwanzoni mwa Aprili mwaka huo, wakati Ellington yu hai. Na ni ndani ya Kogun, katika wimbo wenye jina hilo, ndipo tunaposikia sauti ya mwimbaji wa tamthilia ya jadi ya Noh pamoja na tsuzumi, ile ngoma ndogo iliyobinyika katikati, ambayo mpigaji huiweka begani na kuipiga kwa vidole huku akitoa miito mirefu kati ya pigo na pigo.

Sisemi kisa cha Hentoff ni cha uongo. Kinaweza kabisa kuwa kilimtia nguvu na kumpa maneno ya kueleza alichokuwa akikifanya, na kazi zilizofuata ni nzito zaidi kwa upande huo. Lakini hakiwezi kuwa mwanzo. Mwanzo ulikuwa mezani kwake, kwenye karatasi, kabla mtu yeyote hajamwandikia sababu, na nadhani kisa kile kimependwa kwa kuwa kinamfanya mpangaji aonekane kama mtu aliyeamshwa na gazeti.

Jina lenyewe la Kogun lina maana ya jeshi lililobaki peke yake, na wimbo umetokana na habari ya askari wa Kijapani aliyebaki porini kwa karibu miaka 30 akiamini kwamba vita havijaisha. Ugumu wa kiufundi aliokuwa nao Akiyoshi ni huu: ngoma na miito ya Noh haihesabiwi kama jazi inavyohesabiwa. Ukimya kati ya mapigo hunyooshwa na kubanwa kwa hisia ya mpigaji. Angeweza kumlazimisha mpiga tsuzumi afuate mwendo wa bendi, na hapo angepata pambo. Badala yake aliiacha sauti ya Noh, iliyokuwa kwenye mkanda, iende kwa wakati wake, na bendi ikaenda kwa wakati wake, kama watu wawili wanaotembea ufukweni, mmoja mchangani na mwingine majini. Filimbi ya Lew Tabackin, mume wake tangu 1969 na mpigaji wake mkuu wa solo, inapita katikati ya hao wawili kwa pumzi inayoikumbusha shakuhachi, filimbi ya mianzi ya Japani.

8 Machi

Nimesikiliza pia, kwa jioni moja, rekodi za usiku wa Julai 1954 katika klabu ya Mocambo, Yokohama, ambako Akiyoshi alikuwa miongoni mwa vijana wa Kijapani waliokesha wakipiga bebop, mtindo wa jazi wenye kasi. Humo ndimo ulimobaki upigaji wa mpiga piano Shotaro Moriyasu, aliyefariki 1955, ambaye alikuwa akinukuu solo za mpiga saksafoni Charlie Parker kwa sikio kutoka kwenye santuri. Nilivutwa sana kumfungulia ukurasa wake, lakini ingekuwa kuondoka kwenye njia. Ninachokichukua kwake ni kimoja: Akiyoshi hakutoka jangwani. Alitoka kati ya watu waliokuwa wakiandika muziki kwa masikio yao.

19 Machi

Nimeahirisha entri hii kwa siku kadhaa kwa sababu „Minamata" si kazi ya kusikilizwa huku mtu akipiga pasi. Inachukua upande mzima wa pili wa santuri ya Insights, ya 1976, zaidi ya dakika 20, katika sehemu tatu: kijiji chenye amani, ustawi na matokeo yake, kisha hitimisho.

Minamata ni mji wa pwani katika mkoa wa Kumamoto, kisiwani Kyushu, kisiwa kilekile ambako familia ya Akiyoshi ilifikia baada ya vita. Kiwanda cha kampuni ya Chisso kilimwaga zebaki ya methili, sumu kali, katika ghuba yake kuanzia 1932 hadi 1968. Samaki wakaibeba, paka wa wavuvi wakaanza kuyumba na kuruka hovyo hadi kufa, na tarehe 1 Mei 1956 ugonjwa wa binadamu uliripotiwa rasmi kwa mara ya kwanza. Miezi michache kabla ya siku hiyo Akiyoshi alikuwa ametua Boston, na miaka 20 baadaye alirudi kwenye ghuba ile kwa njia ya karatasi ya noti. Mimi nimekulia kwenye watu wanaoishi kwa samaki, na siwezi kujifanya kwamba sehemu hii niliisikiliza kama mtafiti. Mtu wa pwani anajua uzito wa kuambiwa kwamba kitoweo cha jana ndicho kilichomtetemesha mtoto leo.

Sasa nieleze kilichoandikwa. Sauti ya kwanza kusikika si chombo chochote bali ni ya mtoto, Michiru, binti wa Akiyoshi aliyezaliwa 1963, anayekitaja kijiji kwa Kijapani bila kupambwa na chochote. Vyombo vinaingia baada yake polepole. Sehemu ya katikati ndiyo yenye jazi iliyo wazi zaidi, yenye nguvu na mwendo, na hapo ndipo niliposhtuka, kwa sababu muziki niupendao kuliko wote ndio aliouweka uwakilishe ustawi ulioleta sumu. Hakuuchafua ili tuujue ubaya wake. Aliuacha upendeze, ukasonga, ukajaa, mpaka ukawa mwingi kupita kiasi. Kisha sauti ya Noh na tsuzumi zinarudi, na bendi inayojua kupuliza kwa nguvu hivyo inaambiwa na mpangaji wake isipulize.

Kwa kikundi nitacheza upande wote bila kuukata. Maelezo yangu yatatolewa kabla, kwa dakika tano, na baada ya hapo sitasema neno.

30 Machi

Jioni ya tano nimeigawa vibaya na lazima niipange upya. Nilitaka kuzungumzia filimbi zote kwa pamoja, nikaona ninachanganya mambo. Jambo lenyewe ni kwamba Akiyoshi hakuitazama safu yake ya wapulizaji watano kama saksafoni tano. Watu hao, wengi wao wanamuziki wa studio za Los Angeles, mji aliohamia 1972 na kuanzisha humo bendi mwaka uliofuata, walijua kupiga pia filimbi, pikolo, klarineti na klarineti ya besi, na yeye aliandika akijua kila mkono unaweza kushika nini. Kwa hiyo katikati ya wimbo safu hiyohiyo hubadilika rangi bila mtu mpya kuingia. Katika „Tales of a Courtesan", unaowahusu makahaba wa daraja la juu wa Yoshiwara, mtaa wa starehe wa Tokyo ya zamani, waliovishwa hariri na kunyimwa uhuru, filimbi ndizo zinazobeba hariri hiyo.

Bendi hii, nisisahau kulisema, ilipiga tungo zake yeye na mipangilio yake yeye. Bendi kubwa nyingi huishi kwa nyimbo za watu wengi. Hii iliishi kwa kalamu moja kwa takribani miaka 30, kwanza Los Angeles, kisha New York kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980.

14 Aprili

Maelezo ya jioni ya sita yamekamilika. Yataanza na kazi yake ya Hiroshima, iliyopigwa mjini humo tarehe 6 Agosti 2001. Akiyoshi ameeleza kwamba alipopelekewa picha za maafa ya bomu la atomiki hakuona kwanza sababu ya kuandika, mpaka alipokutana na picha ya msichana anayetoka kwenye handaki akitabasamu kidogo. Akaona kwamba tabasamu hilo linaweza kuandikwa. Sehemu ya mwisho ya kazi hiyo inaitwa „Hope", yaani tumaini, na ndiyo aliyokuwa akifungia maonyesho yake baadaye. Oktoba 2003 bendi ilipiga katika ukumbi wa Carnegie Hall, New York, kwa mara ya mwisho na Akiyoshi akaivunja, ili arudi kwenye piano. Mwaka 2007 taasisi ya taifa ya sanaa ya Marekani ilimtunuku hadhi ya Bingwa wa Jazi.

Nilikuwa na wasiwasi kwamba kurudi kwake kwenye piano kungeivunja hoja yangu yote. Nimesikiliza tena kwa makini jinsi anavyopiga peke yake, na mkono wa kushoto umenituliza: sauti za kati zinatembea mle ndani, ya pili na ya tatu, kila moja kwa njia yake.

Kazi iliyobaki ni vile vipimo vinane vya „Long Yellow Road". Sauti zote tano sasa zimo kwenye karatasi. Jumamosi wanakwaya wangu watano wataziimba bila maneno, alto mbili, tenori mbili na besi, ili kikundi kizisikie kwanza moja moja, kisha kwa pamoja, kabla santuri haijawekwa. Mzee ameomba apewe ya chini. Nimemwambia ni ya baritoni, si ya tromboni, akasema anajua, na kwamba hii anaifikia.